Mwanangu kapewa roketi ya kujenga: je, ni salama, na tuirushe vipi?

*"Mtaalamu, shikamoo. Naishi Arlington, Texas, kwetu ni Tanga. Kaka yangu amemletea mwanangu wa miaka 11 kasha la roketi ya kujenga, limeandikwa Estes Alpha. Ndani kuna bomba la karatasi, vipande vya mbao nyepesi na parachuti ya plastiki. Injini zinanunuliwa kando, na nimesikia ndani yake mna baruti. Mimi ni muuguzi, mambo haya siyajui. Je, ni salama? Tuijenge na kuirusha vipi isipotee siku ya kwanza? Na Desemba tunakwenda nyumbani, anataka akawaonyeshe binamu zake. Tunaweza kuibeba?"*

Marahaba, mama. Nianze na lile linalokutia hofu. Ndiyo, ndani ya injini mna baruti, ile nyeusi ya siku zote. Na ndiyo, ni salama kwa mtoto wa miaka 11 mwenye mtu mzima pembeni yake, kwa sharti moja lisilo na mjadala: injini iwe ya kiwandani, itumike mara moja, kisha itupwe. Hakuna kuichimbua, hakuna kuijaza upya, na hakuna kujaribu kutengeneza ya kwenu hata kama kuna video inayoonyesha ni rahisi.

Sharti hili lilitokana na watoto walioumia. Urusi ya Kisovieti iliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, vijana wengi wa Marekani walishikwa na hamu ya roketi, wakaanza kuchanganya fueli wenyewe na kuishindilia ndani ya mabomba ya chuma. Bomba la chuma likipasuka hugeuka vipande vinavyoruka kila upande. Wapo waliopoteza vidole, wapo waliopoteza macho, na wapo waliokufa. Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana, ila wachache ndio waliijua. Mwaka 1954 Orville Carlisle, mwenye duka la viatu katika mji wa Norfolk, Nebraska, alikuwa ameunda roketi ya karatasi na mbao yenye injini ndogo ya kubadilisha na parachuti, ili ndugu yake Robert aitumie kwenye mihadhara. Mwaka 1957 Carlisle alisoma makala ya G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi kwenye uwanja wa majaribio wa White Sands, New Mexico, kuhusu hatari za roketi za vijana. Akamwandikia na kumpelekea sampuli. Stine alizirusha, akaona jibu liko mikononi mwake. Kilichobaki kilikuwa kupata injini nyingi zinazofanana, na hapo akaingia Vernon Estes wa Colorado. Alibuni mashine ya kushindilia injini, akaipa jina Mabel, nayo ikaanza kazi mwaka 1959. Jina la Estes ndilo hilo lililo kwenye kasha la mwanao.

Kwa hiyo injini mtakayonunua ni kimrija cha karatasi nzito, upana milimita 18 na urefu milimita 70. Chini kina tundu la udongo mgumu, halafu baruti ya kusukuma, halafu tabaka linaloungua polepole likitoa moshi, na juu kabisa baruti kidogo ya kufyatulia parachuti. Hakuna chuma. Mpangilio huo ndio unaoendesha safari nzima: roketi inasukumwa, inaendelea kupanda kwa kasi yake yenyewe huku ikiacha moshi, na ikikaribia kilele baruti ya juu inalipuka kidogo kuelekea mbele, inaisukuma pua itoke na kuvuta parachuti. Fueli ngumu ya namna hii, yaani isiyo kimiminika, ikishawaka haizimiki, hata kwenye roketi kubwa. Roketi ya Scout, iliyobeba setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ilikuwa ya fueli ngumu hatua zote nne, yaani sehemu zake zinazowaka moja baada ya nyingine. Setilaiti ile ilipewa jina la Kiswahili kwa kuwa ilirushwa siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Mwanao akawasimulie binamu zake hilo.

Sasa maandishi ya kwenye injini. Nunueni A8-3 kwa safari za kwanza, hata kama mwenye duka atawaonyesha C6-5 na kuwaambia inakwenda juu zaidi. Herufi inaonyesha jumla ya msukumo, yaani nguvu mara muda inaosukuma, inayopimwa kwa nyutoni-sekunde. A huishia nyutoni-sekunde 2.5, B huishia 5, C huishia 10, yaani kila herufi ina uwezo wa mara mbili ya ile iliyotangulia. Namba ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, kipimo cha nguvu. Namba ya mwisho ni sekunde za kusubiri baada ya msukumo kwisha hadi parachuti ifyatuliwe. Namba hii ya mwisho wengi huipuuza, nayo ndiyo huvunja roketi. Ikiwa ndogo mno, parachuti hutoka roketi ingali kasi na kamba hupasua bomba. Ikiwa kubwa mno, roketi huwa imekwisha kugeuza pua chini na kushika mwendo. Injini yenye sifuri mwishoni haina kusubiri wala baruti ya kufyatulia parachuti. Ni ya hatua ya chini kwenye roketi za hatua mbili, ninyi msiiguse. Kasha lina orodha ya injini zinazofaa. Msitoke nje ya orodha hiyo.

Kwenye kujenga, mwache mwanao ashike kazi mwenyewe, wewe uwe mkaguzi. Nafurahi kaka yako alichagua Alpha ya mbao badala ya zile za plastiki ambazo mtoto huzifungua na kuzirusha siku hiyohiyo, kwa kuwa kwenye mapezi ya mbao ndiko anakojifunza roketi ni nini. Tumieni gundi ya mbao, nyeupe au ya manjano. Inaingia ndani ya karatasi na mbao, na ikikauka kiungo huwa kigumu kuliko mbao yenyewe. Gundi zile za kushika papo hapo ni za haraka lakini hukatika kwa mshtuko, na humganda mtoto vidoleni.

Anzeni na kikalio cha injini, kile kimrija kinachobeba injini ndani ya bomba. Kina ndoano ya chuma ya kuizuia injini isitoke, na pete zinazokiweka katikati. Pakeni gundi ndani ya bomba kwa kijiti, kisha sukumeni kikalio kwa mwendo mmoja hadi mahali pake bila kusita. Gundi ya mbao hushika ghafla kati ya karatasi mbili zinazobana, na kikalio kikikwama nusu ya njia hakitoki tena.

Mapezi ndiyo yanayostahili jioni nzima. Kwanza tazameni nyuzi za mbao: lazima ziende sambamba na ukingo wa mbele wa pezi, ule unaokata hewa. Zikienda upande mwingine, pezi litavunjika siku ya kwanza ya kutua. Kwenye kasha vipande vimekwisha kukatwa ipasavyo, lakini siku mtoto akitaka kujikatia la akiba, ajue hilo. Yapigeni msasa, ukingo wa mbele uwe wa mviringo kidogo, ukingo unaogusa bomba ubaki mnyoofu kabisa. Kisha chora mistari mitatu kwenye bomba kwa kutumia kipimo cha karatasi kilichomo ndani ya kasha. Kupata mstari ulionyooka kwenye kitu cha mviringo ni shida. Lazeni bomba kwenye pembe ya fremu ya mlango na mpitishe penseli kandokando ya fremu.

Bandikeni pezi kwa gundi mara mbili. Paka ya kwanza kwenye ukingo na kwenye mstari, gusisha, toa, subiri dakika chache ianze kunata, paka nyembamba tena, kisha weka moja kwa moja. Litashika karibu mara hiyohiyo. Kabla halijakauka, inua roketi usawa wa jicho, uitazame kutoka nyuma: kila pezi litokee katikati ya bomba, lisilale kushoto wala kulia. Pezi lililopinda kidogo huzungusha roketi na kuinyima urefu. Lililopinda sana huitoa njiani. Yakikauka yote, pitisha mstari wa gundi kwenye pembe za kila pezi na uulainishe kwa kidole. Kimrija kidogo cha kupitishia fimbo ya kurushia, ile inayoiongoza roketi inapoondoka, nacho kiwe sambamba na bomba, vinginevyo roketi itang'ang'ania fimbo. Rangi ni shauri la mwanao, ila ya machungwa au waridi kali huonekana haraka kwenye nyasi, na tabaka ziwe nyembamba kwa sababu rangi ni uzito.

Kwa nini nasisitiza mapezi? Roketi hii haina usukani. Inakwenda wima kwa sababu moja tu: uzito wake mwingi uko mbele, na eneo kubwa linaloshikwa na hewa liko nyuma, kama mshale na manyoya yake. Upepo ukiiyumbisha, hewa inasukuma mapezi na kuirudisha kwenye mstari. Wajuzi husema kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa kwa angalau upana mmoja wa bomba, ambao kwa Alpha ni milimita 25 hivi. James Barrowman, mhandisi wa NASA, aliwapa wapenzi wa roketi ndogo njia ya kukokotoa hicho cha pili katika miaka ya 1960, na leo programu ya bure iitwayo OpenRocket inafanya hesabu hiyo kwa kubofya. Ilizaliwa Finland, kwenye tasnifu ya Sampo Niskanen ya mwaka 2009. Mwanao akipenda kuchora roketi zake, hapo ndipo pa kuanzia.

Alpha ikijengwa kama maelekezo yanavyosema iko imara bila hesabu yoyote. Ila watoto hupenda kuongeza vitu, na wakiongeza nyuma wanaiharibu. Kuna jaribio la kamba: weka injini ambayo haijatumika na parachuti mahali pake, funga kamba ndefu ya mita mbili na nusu hivi pale roketi inapokaa sawa ikining'inia, bandika tepu isiteleze, kisha mtu mzima aizungushe taratibu juu ya kichwa nje kwenye nafasi. Ikielekeza pua mbele, ni imara. Ikienda kinyumenyume au kiubavu, ongezeni udongo wa kuchezea kidogo ndani ya pua na mjaribu tena. Roketi isiyo imara hurudi kwa watu, kwa hiyo lisiporidhisha hapa, hairushwi.

Siku ya kurusha, parachuti ndiyo kazi ya kwanza. Sukumeni ndani ya bomba karatasi tatu au nne za kinga zisizoshika moto, zile zinazouzwa pamoja na injini, zikae kati ya baruti na parachuti. Karatasi ya chooni hapana: inashika moto na kuanguka ikiwaka kwenye nyasi. Parachuti inyunyizieni poda ya mtoto ili plastiki isigandane, hasa asubuhi za baridi, ikunjwe siku ileile, isiachwe imekunjwa tangu wiki iliyopita. Pua iingie na kutoka bila kubana na bila kulegea: ukiinua roketi kwa pua isianguke, lakini ukiivuta kidogo itoke. Ikilegea, zungushia tepu ya karatasi kwenye shingo ya pua.

Kiwashio ni kiwaya chenye ncha nyeusi. Kiingizwe kwenye tundu la injini hadi kiguse baruti, kisha kibanwe kwa kizibo cha plastiki. Roketi zinazokataa kuwaka, mara nyingi ni kwa sababu ncha haikugusa baruti, au klipu mbili za umeme zimegusana, au betri zimechoka. Klipu zisugueni kwa msasa kila baada ya safari chache. Unganisheni waya roketi ikiwa tayari kwenye fimbo, na ufunguo wa usalama, ule ambao bila huo umeme haupiti, uwe mfukoni mwako wewe, si kwenye kiboksi cha kuwashia. Napenda sheria hiyo kuliko zote. Anayeunganisha waya ndiye mwenye ufunguo, basi hakuna awezaye kubonyeza wakati uso wako uko karibu na injini.

Chama cha Taifa cha Roketi cha Marekani, NAR, kina kanuni za usalama ambazo zimelinda watoto kwa miaka zaidi ya 60. Kwa injini za A hadi D watu wote wakae angalau mita 5 kutoka kwenye stendi inayoshika fimbo. Ihesabiwe kwa sauti kuanzia tano. Isipowaka, toa ufunguo, subirini dakika nzima, ndipo mtu mzima aisogelee. Fimbo isilazwe zaidi ya nyuzi 30 kutoka wima, na upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa mnarudi nyumbani. Mimi, kwa safari ya kwanza, nisingerusha hata kwenye nusu ya upepo huo.

Ulisema isipotee. Tufanye hesabu. A8-3 itaipeleka Alpha karibu mita 100. Kwa parachuti ya sentimita 30, roketi nyepesi hivi inashuka kama mita 3.5 kwa sekunde, kwa hiyo inakaa hewani sekunde 28 au 29. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ambao utauhisi usoni bila kusumbuka, unaisogeza zaidi ya mita 110. Ukiweka C6 na kuipeleka mita 300, itaelea karibu dakika moja na nusu na kutua mita 340 hivi kutoka hapo, nje ya uwanja wowote wa kitongoji. Kanuni za NAR zinataka uwanja wenye upande wa angalau mita 30 kwa injini ya A na mita 120 kwa C, lakini hizo ni za chini kabisa. Tafuteni uwanja wa mpira wa shule wenye nafasi kubwa pande zote. Wekeni stendi upande upepo unakotoka, na fimbo ielekezwe kidogo kule upepo unakotoka. Mkitaka ishuke haraka zaidi, kateni tundu dogo la mviringo katikati ya parachuti. Asiidake mtu ikiwa hewani. Ikinasa kwenye nyaya za umeme, ni ya nyaya, hairudishwi kwa fito wala kwa ngazi.

Kuhusu sheria, roketi yenu haihitaji kibali cha mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, kwani haizidi gramu 1,500, fueli haizidi gramu 125 (injini ya A ina gramu chache tu), na imetengenezwa kwa karatasi, mbao na plastiki. Lakini mwenye uwanja lazima akubali, na bustani nyingi za miji zina sheria zake. Texas pia kaunti hupiga marufuku moto wa nje wakati wa ukame, kwa hiyo pigeni simu kwa zimamoto wa eneo lenu kabla ya kutoka. Ondoeni nyasi kavu kuzunguka stendi na mwe na ndoo ya maji. Hata hivyo ningeshauri safari ya kwanza muifanye na klabu. Karibu yenu ipo Dallas Area Rocket Society, tawi la NAR. Huko watu wazima hukagua roketi ya mtoto kabla haijaruka, na mwanao atakutana na watoto wenzake wenye hamu ileile.

Sasa Tanga. Injini hazipandi ndege, si kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi kubwa. Ni vilipuzi, na hilo halina njia ya kuzunguka. Viwashio navyo viacheni. Huko nyumbani pia, Tanzania na Kenya, baruti iko chini ya sheria za vilipuzi, kwa hiyo hata kuagiza kwa posta si jambo la mtu binafsi. Roketi iliyokwisha kuruka ina masizi ya baruti ndani, nisingependa mtoto aeleze hilo kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege. Aichukue kwenye picha na video.

Lakini binamu zake hawatakosa kitu, kwa sababu roketi ya maji ni roketi kamili na vifaa vyake viko Tanga. Chupa ya soda ya plastiki ya lita moja na nusu au mbili, maji theluthi moja, kizibo cha mpira kilichopitishwa sindano ya kujazia mpira wa miguu, na pampu ya baiskeli. Hewa inabanwa juu ya maji, kizibo kikiachia maji yanatoka kwa kasi chini na chupa inapanda makumi ya mita. Kanuni ya mapezi na uzito wa mbele ni ileile: mapezi matatu ya kadibodi, udongo kidogo kwenye pua, na jaribio la kamba kama la Alpha, chupa ikiwa haina maji.

Mambo mawili hapa hayana mchezo. Chupa iwe ya soda, kwa kuwa imeundwa kubeba gesi. Ya maji ya kunywa ni dhaifu. Na pampu yenye kipimo isivuke bar 4, ambayo kwa wengine huandikwa psi 60. Anayepampu akae mbali kwa mpira mrefu, wengine nyuma yake, na hakuna anayeinamia chupa iliyokwisha kujazwa hewa hata kama inavuja. Chupa yenye mkunjo, mkwaruzo mzito au weupe kwenye plastiki itupwe, mchukue nyingine.